Mwanafunzi Wangu Hakuwahi Kuwasha Kamera

Alhamisi moja, saa kumi na moja na robo jioni, nilimsikia mama yangu mzazi akicheka ndani ya simu ya mtu nisiyemjua.

Mama anakaa Izigo, Muleba. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu Nshambya, Bukoba mjini, mbele ya kompyuta, nafundisha darasa la mtandaoni. Wanafunzi tisa. Mmoja wao maikrofoni yake ikafunguka kwa bahati mbaya, sekunde tatu hivi, na humo ndani akacheka mama.

Kicheko cha mama yako huwezi kukikosea. Cha wangu kinaanza na kikohozi kidogo, kinapanda, halafu anapiga paja kwa kiganja. Hata paja nililisikia.

Maikrofoni ikafungwa. Mwanafunzi akatoka darasani.

Jina lake kwenye skrini lilikuwa herufi moja tu: L.

Nikabaki nimeduwaa mbele ya wanafunzi wanane wanaoniuliza, "Kocha, unatusikia?"

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikiendelea hivi mtaniona chizi.

Naitwa Anatory. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka kumi na moja. Pembeni nilikuwa nashika maikrofoni kwenye harusi, na familia zikianza kunijua zikawa zinanichukua kuwa mshenga, yule mtu anayekwenda kwa wakwe kusema kwa niaba ya bwana harusi. Watani wetu wanasema Mhaya akinyamaza apelekwe hospitali. Basi mimi nikaona kipaji nilichonacho ni mdomo, nikaacha chaki, nikajiita kocha wa usemaji.

Mtaani wakaniuliza, "Kocha wa timu gani?"

Nikafungua kozi mtandaoni. Nikaiita Kozi Kamili ya Usemaji. Ilikuwa na masomo kumi na nne: hotuba ya harusi, salamu za rambirambi, usaili wa kazi, kampeni, kuongoza kikao, hata namna ya kumuomba msamaha bosi. Niliiandaa miezi minne.

Wakajiandikisha watu watano. Wiki ya tatu wamebaki wawili, na mmoja alikuwa binamu yangu.

Nikaenda kulia kwa rafiki yangu Mustapha, Miembeni. Mustapha ana duka la chaja na vifaa vya simu. Alinisikiliza huku anajaribu chaja moja baada ya nyingine.

"Sheikh wangu," akasema, ingawa anajua mimi Mkatoliki wa kubatizwa, "mimi nilianza hapa nauza chaja, ndoo, kandambili na mafuta ya nazi. Mtu akipita haelewi aingie kufuata nini. Nikabaki na chaja. Leo chaja ikimfia mtu Bukoba nzima, ananitaja mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo toa ndoo."

Nikatoa ndoo. Nikafuta masomo kumi na matatu, nikabaki na lile ninalolijua hata nikiwa usingizini: siku ya posa. Nikaligawa masomo madogo kumi: unaingiaje kwa watu, unasema nini, unanyamaza wapi. Safari hii wakaja watu tisa, na hakuna aliyekimbia.

Wa saba kujiandikisha alikuwa L.

Kwenye fomu kuna sehemu inauliza kwa nini umejiunga. Wengine waliandika aya nzima. L aliandika maneno matatu: "Nataka kusema mwenyewe."

Nikaona ajabu. Siku ya posa muoaji hasemi. Anakaa kimya kama mgonjwa aliyeletwa, mshenga ndiye anafanya kazi. Kwetu muoaji akifungua mdomo wazee wanatazamana. Huyu anataka kusema nini?

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipozaliwa. Na mimi wasiwasi ukizaliwa huwa naulea vizuri.

L hakuwahi kuwasha kamera. Hakuwahi kufungua maikrofoni. Nikitoa kazi ya nyumbani kila mtu arekodi sauti dakika moja, wenzake wanatuma, yeye ananiandikia pembeni: "Kocha, naomba mimi niandike."

"Kozi ni ya kusema, ndugu yangu. Unaandikaje kusema?"

"Naomba tu, Kocha."

Nikajisemea, huyu ni mwizi wa kozi. Anakaa kimya, anarekodi, mwezi ujao nitaona masomo yangu yanauzwa na mtu wa Mwanza.

Lakini maswali yake, aisee, yalikuwa ya mtu mwenye shida ya kweli. Wengine wanauliza wavae nini. Yeye anauliza: "Je, kama baba wa binti alishafariki, na mwenye neno ni kaka mkubwa?" Siku nyingine: "Je, kama kaka huyo hamwamini mtu yeyote?"

Nikaona hapa ndipo penye kozi hasa. Kila mtu anaweza kusema mbele ya mkwe mpole. Nikaibana tena kozi, kutoka masomo kumi hadi matatu, nikabadilisha na jina: Mkwe Mgumu.

Ukitengeneza kozi ya namna hiyo lazima umchore mtu mmoja, umwone kabisa, ndipo ujue unawaandaa watu kwa ajili ya nani. Nikakaa na daftari nikamchora mkwe wangu mgumu. Ni kaka mkubwa. Baba yake amefariki, ameachiwa nyumba. Aliwahi kudanganywa mara moja na hajapona. Swali moja analiuliza mara mbili kwa maneno tofauti aone kama jibu litabadilika. Mgeni akitabasamu sana anahesabu meno. Ukimletea zawadi anaangalia kwanza chini yake.

Nikampelekea Mustapha asome. Akasoma, akacheka mpaka akaweka chaja chini.

"Huyu mtu namjua," akasema.

"Nani?"

Akaniangalia. Akaangalia chaja zake. "Basi tu, sheikh. Umemchora vizuri."

Sikuelewa. Nawaambieni ukweli, sikuelewa kabisa.

Wiki iliyofuata L akaniandikia swali lililonifanya nisimame kitini.

"Kocha, kama kaka yake alishadanganywa na mwanaume mwenye maneno mazuri, mimi nitumie maneno gani?"

Hapa inabidi niwaambie habari ya Buberwa, na sipendi kuisema.

Nina mdogo wangu wa kike, Edvina, mwalimu wa shule ya msingi, anaishi na mama kwenye kibanja chetu, shamba la migomba lenye nyumba, huko Izigo. Baba yetu, mzee Rutaihwa, alifariki miaka sita iliyopita, nikabaki mimi ndiye wa kupokea wageni. Miaka minne iliyopita akaja Buberwa kumposa Edvina. Hakuja na mshenga. Alisema mwenyewe, dakika arobaini, Kihaya safi, Kiswahili safi, methali mahali pake, hajikwai hata kidogo. Mimi mtu wa maneno nikalewa maneno. Nikakubali kabla wazee hawajamaliza kukohoa.

Matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani Jumapili ya kwanza. Jumapili ya pili akatokea mama mmoja kutoka Geita na watoto wawili, akasimama pale nje ya kanisa, akaomba aonyeshwe huyo anayeolewa na mume wake.

Edvina alitembea kutoka kanisani mpaka nyumbani bila kumuangalia mtu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Ile njia sijawahi kuisahau.

Toka siku hiyo nikawa mbogo. Aliyefuata kuja kuposa nilimkataa kwa sababu alitabasamu sana. Naam, hiyo tu. Edvina akakaa miezi mitano hapokei simu yangu.

Sasa habari ya Buberwa tunaijua sisi wa nyumbani, na waumini wa kanisa lile la Izigo. L ameijuaje?

Nikamjibu, maana kocha ni kocha: "Usitumie maneno mazuri hata moja. Ubaya wako useme wewe kabla yeye hajautafuta. Sentensi chache, kisha nyamaza."

Akaandika: "Hata kama ubaya wenyewe ni mgumu kuusema?"

"Hasa huo."

Akanyamaza siku nne. Alhamisi ile ndiyo mama akacheka ndani ya simu yake.

Nilimaliza darasa haraka haraka, nikampigia mama.

"Mae, shikamoo. Una mgeni hapo?"

"Marahaba, tata," akaitika, yaani baba, ndivyo anavyoniita. "Mgeni gani? Niko na kuku."

"Nimesikia unacheka."

"Umesikia kutoka Bukoba?"

"Mae."

"Basi kuku wananichekesha," akasema, akakata simu.

Mama yangu, bibi Immakulata, mama wa Rozari na Jumuiya, amenidanganya. Kwa ajili ya nani?

Jumamosi nikaazima pikipiki ya Mustapha, nikashika njia ya Muleba. Sikumwambia mtu kama naenda. Unapochunguza huwa hutoi taarifa.

Nikaizima pikipiki mbali kidogo na nyumba, kule kwenye mti wa mulamula unaoonyesha mpaka, nikaisukuma katikati ya migomba kama mwizi anayeingia kwao mwenyewe. Nikaanza kuona vitu.

Mlango wa jiko, ambao tangu baba afe ulikuwa unafungwa kwa kamba, una bawaba mpya. Bomba la tangi la maji ya mvua halidondoki tena. Mashine ndogo ya baba ya kumenya kahawa, iliyokuwa imekufa kwa kutu, imesimama kibarazani inang'aa mafuta. Pembeni ya mpini kuna alama ya dole gumba la grisi. Dole kubwa, la mwanaume.

Nikaingia sebuleni bila hodi. Juu ya meza kilikuwepo kile kibo kidogo cha kahawa.

Kwa asiyejua: kwetu mgeni wa maana hapewi soda kwanza. Anapewa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yake na kukaushwa, ndani ya kibo kidogo kilichosukwa vizuri. Kibo hicho hakitolewi ovyo. Kikija mbele yako umepokelewa. Kisipokuja, umekaa tu kwenye kiti cha watu.

Cha kwetu alikisuka bibi yangu. Kinakaa kabatini, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Mae, nani alikuja?" nikamuuliza mama, aliyekuwa jikoni.

"Nilikuwa natafuna mwenyewe."

"Kwenye kibo cha wageni?"

"Kwani mimi katika nyumba hii si mtu?"

Nikachoka. Nikaanza kupiga hesabu kichwani. Mjane. Kibanja kizuri karibu na barabara. Mtu anakuja kimya kimya, anatengeneza mlango, anatengeneza bomba, anamchekesha mama mpaka anapiga paja. Kesho utasikia kuna karatasi imewekwa dole. Habari hizo tumezisikia mara ngapi?

Edvina akaingia na ndoo ya ndizi zilizomenywa. Akanitazama kuanzia viatu.

"Kaka, shikamoo. Umekuja kula au kupeleleza?"

"Marahaba. Nani katengeneza mlango?"

"Fundi."

"Fundi gani? Anaitwa nani? Mlimlipa nini?"

"Ona sasa. Swali moja umeliuliza mara tatu."

Akaweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa mbele yangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinitisha.

"Jumamosi ijayo kuna wageni," akasema. "Wanakuja kubisha hodi rasmi. Nilikuwa nakuja Bukoba kukwambia."

"Ni huyo fundi?"

"Utamwona."

"Edvina, unamjua vizuri? Ametoka wapi? Watu wake..."

"Kaka, nisikilize. Nina miaka thelathini na mbili. Wa kwanza ulimkubali wewe, sikuulizwa. Wa pili ulimkataa wewe, sikuulizwa. Huyu wa tatu nimemtafuta mwenyewe. Ukimfukuza sitatoroka naye, sitakutia aibu. Ila sitakuletea mwingine. Utakuja Krismasi, nitakupikia ndizi, utakula, utaondoka. Ndiyo itakuwa hivyo mpaka tuzeeke."

Mama jikoni akaacha kukoroga.

Nikarudi Bukoba na upepo wa ziwa usoni, na njia nzima kichwa kinachemka. Nilipofika Kyetema ndipo vipande vikaungana. Kaka mkubwa. Baba marehemu. Mwanaume mwenye maneno mazuri. Kicheko cha mama.

L ndiye fundi. L ndiye anayekuja Jumamosi.

Jamani! Miezi mitatu nimekuwa namfundisha mtu namna ya kufungua mlango wangu mwenyewe. Na kila nilipoibana kozi, niliibana kwa maswali yake, mpaka ikabaki na mlango mmoja tu duniani, nao ni wetu wa Izigo.

Nilijiona fala wa mwisho. Buberwa alinidanganya bure. Huyu alijiandikisha kabisa, akapokea na maelekezo.

Nikamtoa kwenye kundi la WhatsApp usiku, nikamrudisha asubuhi ili asishtuke. Mustapha nilimweleza yote akabaki anazungusha waya wa chaja kidoleni.

"Unataka kufanyaje?"

"Mtego. Wataingia na mshenga wao. Atasema weee mpaka achoke. Mimi nitamnyamazisha, nitasema nataka muoaji asimame aseme mwenyewe. Akishaanza kumwaga zile sentensi zangu, nasimama mbele ya wazee wote, nasema huyu anaitwa L, ametuingilia kwa siri miezi mitatu. Tuone atapita wapi."

"Na kama ana nia njema?"

"Mwenye nia njema anawasha kamera."

Mustapha aligeuka kuhudumia mteja.

Jumamosi ikafika. Wageni walikuja saa nane mchana, watu watano, suti na kanzu, kwa heshima zote. Mbele mzee mmoja mfupi, mkavu, fimbo mkononi, mzee Kagaruki, baba mkubwa wa muoaji na mshenga wao. Upande wetu nilikuwa mimi na wazee wawili wa ukoo.

"Nyegera waitu," tukawakaribisha. Wakakaa.

Mama nilishampa maagizo: kibo kisitoke mpaka mimi niseme. Aliniangalia vibaya lakini alitii. Meza ya katikati ikabaki tupu. Wageni waliiona. Mzee Kagaruki aliitazama ile meza mara mbili, akameza mate, akaendelea na salamu.

Muoaji alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mwanaume mpana, miaka kama arobaini hivi, shati jeupe limenyooka. Nikatazama mikono. Dole gumba kubwa, grisi imekwama kwenye ukucha haitoki hata kwa sabuni. Ndiye.

Hakutabasamu hata mara moja. Nikajisemea, amefundishwa. Nimemfundisha mimi.

Mzee Kagaruki alisema vizuri sana. Kwamba wamepita njiani wakaona kibanja kinavyopendeza, wakasikia humu ndani kuna mti unaozaa. Nilimwacha akafika katikati, nikainua mkono.

"Mzee wangu, nisamehe. Maneno tumeshayasikia katika nyumba hii, na yalitugharimu. Leo naomba nimsikie muoaji."

Mmoja wa wazee wetu akanivuta koti. "Anatory, haifanyiki hivyo."

"Leo ifanyike."

Mzee Kagaruki alisimama, na mara ya kwanza nikaona uso wake umebadilika. Hakukasirika. Aliogopa. "Mwanangu, nakuomba. Mimi ndiye mdomo wake. Uliza chochote nitajibu."

"Kwa nini yeye asijibu? Anaficha nini?"

Nyuma ya pazia la jikoni nikasikia kikombe kimewekwa chini kwa nguvu.

Muoaji akasimama. Akamgusa baba yake mkubwa begani, mzee akakaa. Akanitazama machoni.

Akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Midomo inatikisika, shingo imekaza, mishipa imesimama, na sauti haiji. Nikasubiri maneno matamu. Ikaja "M-m-m," ikakatika. Akafumba macho. Akaanza upya.

Mimi nilikuwa nimeshasimama nusu, tayari kumlipua. Nikabaki hapo hapo, magoti yamekunjwa, kama mtu aliyesahau alichokuwa anafuata.

"M-mimi ni Lameki," akasema hatimaye.

Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Mzee Kagaruki alitaka kumsaidia neno linalofuata, Lameki akainua kiganja, hapana. Akalipigania mwenyewe. Mtu mmoja alijikohoza. Jogoo akawika nje akamaliza, bado neno halijatoka. Nimeongoza harusi zaidi ya mia, sijawahi kuona sebule ya Wahaya imenyamaza vile.

Nitawaandikia alichosema kikiwa kimenyooka, ingawa hakikutoka kimenyooka. Kila neno lilipigwa vita.

"Mimi ni Lameki. Ndiye mwanafunzi wako L. Nilijificha, na hilo ni kosa. Nina kigugumizi tangu mtoto. Nimekuja kusema mwenyewe, kwa sababu Edvina sitaki niombewe na mtu mwingine."

Akakaa.

Ubaya wake aliusema yeye kabla sijautafuta. Sentensi chache, kisha akanyamaza. Mtego wangu wote ulikuwa umeshikilia siri moja, na siri yenyewe ameiweka mezani kwa mkono wake, mbele ya wazee, kwa jasho.

Saa ya ukutani ilionyesha zimepita dakika nne na ushee. Buberwa alisema dakika arobaini bila kujikwaa, na hakuna alichosema kilichokuwa kweli.

Nilimkumbuka yule mtu niliyemchora kwenye daftari. Anayehesabu meno. Anayeangalia chini ya zawadi. Ndipo nikaelewa kwa nini Mustapha alicheka, na jamani, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Wote walikuwa wananitazama. Ilikuwa zamu yangu kujibu. Mshenga, mshereheshaji, kocha wa usemaji.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Nikainuka, nikawaacha wageni wamekaa, kitu ambacho mwenye nyumba hafanyi. Nikapita pazia la jikoni.

Edvina alikuwa amesimama nyuma yake, machozi yanateremka hayafuti, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika kibo cha kahawa. Kimejaa. Kitambaa kimeshaondolewa.

"Ulikuwa unasubiri nini?" nikamuuliza.

"Wewe," akasema.

Nikataka kukichukua nikipeleke. Mama akaniwahi mkono. "Nendeni wote wawili," akasema. Basi tukakishika mimi upande huu na Edvina upande ule, tukakipeleka sebuleni, na hatukuanza na wazee kama inavyotakiwa. Tukaanza na Lameki.

Alichota punje tatu za kahawa. Mzee Kagaruki akatoa leso akajifuta uso mzima, akashukuru kwa Kihaya, "Kasinge waitu, kasinge," mara nyingi.

Baadaye, ndizi zimeshaliwa, nikamkalisha mama kibarazani karibu na ile mashine ya baba.

"Mae, siku ile ulikuwa unacheka nini?"

"Alikuwa anakuja kufanya mazoezi hapa. Kila Alhamisi kabla ya darasa lako. Anasimama pale kwenye migomba, mimi nakaa hapa najifanya wewe, namkunjia uso." Akanikunjia uso. Kumbe ninafanana hivyo. "Siku ile darasa lilishaanza, simu iko mkononi, bado anajaribu, na kwa mara ya kwanza alilimaliza jina lake bila kukwama. Akashtuka mwenyewe, simu ikamponyoka. Nikacheka."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza mara tatu, tata."

Lameki ni fundi wa mashine za kukoboa kahawa, Muleba mjini. Edvina alikutana naye shuleni kwake alipokuja kutengeneza pampu. Edvina ndiye aliyemtumia kiungo cha kozi yangu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Nilimwambia kaka yangu anafundisha watu kusema mbele ya mtu kama yeye mwenyewe. Hajui tu."

Wamefunga ndoa mwaka huu, wiki ambayo senene walianguka kwa wingi. Matangazo yalisomwa Jumapili zote tatu, na mimi nilikaa benchi la mbele nikigeuka nyuma kila mlango ulipolia. Tabia haiishi siku moja.

Kozi bado ipo. Nimeibana tena, sasa ina somo moja, na mwanafunzi akiniambia anaomba kuandika badala ya kusema, namwambia andika, nakusubiri.

Juzi kwenye kundi likaingia faili la sauti. Limetoka kwa L. Ni ile kazi ya nyumbani ya dakika moja niliyoitoa zamani, yeye pekee alikuwa anadaiwa. Ilikuwa na urefu wa dakika tano.

Mwanafunzi mmoja mpya akaandika, "Kocha, huyu si amezidisha muda?"

Nikamjibu: isikilize mpaka mwisho.

Ndugu zangu, kujihadhari si kosa. Buberwa wapo, na wataendelea kubisha hodi. Lakini mimi wasiwasi wangu niliukabidhi kazi ya kumchagulia mdogo wangu mume, na karibu unikoseshe mtu mkweli kuliko wote waliowahi kukaa kwenye viti vyetu. Ukimshuku mtu, mwite, mkalishe, mpe nafasi aseme. Halafu umvumilie mpaka amalize, hata akichelewa.